Ampi ya mjomba ilikuwa inajizima, kumbe ni vile nilivyounga spika

Mjomba alipohamia Newala aliniachia ampi yake ya zamani, yaani mashine ya kukuza sauti, na spika nne za mbao, zote aina moja, nyuma zimeandikwa omu 4 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, namba ikiwa ndogo umeme mwingi unapita). Nikazibeba na bajaji toka Mikindani mpaka kwangu Chikongola, mbili nikaweka sebuleni mbili barazani. Kila upande wa ampi nikasokota waya nyekundu mbili za spika pamoja nikachomeka tundu jekundu, nyeusi mbili nazo pamoja nikachomeka tundu jeusi. Sauti ya chini safi kabisa ila ukipandisha tu, tap, inakata, kitaa cha mbele kinawaka chekundu. Unasubiri, inarudi, inakata tena. Fundi mmoja akasema transista, vile vipuri vya ndani vinavyosukuma sauti, zimekufa, akataka 80,000, na mtoto wa dada alikuwa anatoka unyagoni Jumamosi ile na muziki nimeahidi mimi.

Nikampigia mjomba. Hata salamu haijaisha vizuri akaniuliza, "mjomba, nyuma ya ampi kwenye tundu za spika wameandika nini?" Nikageuza, nikasoma omu 4 mpaka 16. Akasema basi hapo hapo, spika mbili za omu 4 ukiziunga nyekundu kwa nyekundu nyeusi kwa nyeusi ampi inaona omu 2, inasukuma umeme mwingi kuliko uwezo wake, inachemka, inajikata isiungue. Haijafa hiyo.

Akanielekeza kuziunga kwa mfululizo. Nyekundu ya ampi inaingia nyekundu ya spika ya sebuleni, nyeusi ya hiyo spika inakwenda nyekundu ya spika ya barazani, halafu nyeusi ya barazani ndo inarudi nyeusi ya ampi. Nne na nne inakuwa 8, na ampi inatulia. Nguvu inapungua, hilo ujue, na ukichomoa spika moja na mwenzake ananyamaza.

Nikachomoa ampi ukutani kabisa ndo nikaanza. Waya za mjomba zilikuwa zimeshika kijani kwa chumvi ya bahari, nikakata mpaka nikakuta shaba inang'aa, na za barazani nikanunua mpya waya mnene wa nyumba wa milimita za mraba 2.5 maana ni mbali. Kila ncha nikaisokota vizuri, uzi mmoja wa shaba ukigusa tundu la jirani ni shoti na hapo transista zinakufa kweli.

Nikawasha, haikati, lakini besi hamna! Sauti nyembamba kama ya simu. Hii ilinisumbua usiku mzima, waya zangu mpya zote rangi moja kwahiyo upande wa kushoto nilikuwa nimegeuza, karatasi za spika za huku zinakwenda mbele za kule zinarudi nyuma, besi zinauana hewani. Nikazitoa zote kwenye ampi, nikachukua betri ya rimoti ya volti 1.5, chanya ya betri naigusisha waya ninaodhani ni wa nyekundu, karatasi ya spika ikisogea mbele ndo wenyewe, ikirudi ndani nimekosea. Kila waya chanya nikapaka rangi ya kucha ya mke wangu.

Jumamosi ilipiga toka saa tisa alasiri mpaka karibu saa sita usiku, kila baada ya muda naenda naweka kiganja juu ya ampi, ina joto tu la kawaida.