Marehemu wasio na kaburi

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa shirika, jumuiya yetu ndogo ya Kikristo.

Novemba 2, siku ya kuwaombea marehemu wote, inakaribia. Watu watashika majembe na mishumaa waende kupalilia makaburi ya wapendwa wao, padri apite akinyunyiza maji ya baraka. Wapo watakaobaki nyumbani, kwa kuwa wa kwao hana pa kuwashiwa mshumaa. Hapa Goma tunao wengi. Oktoba 3, 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika bandari ya Kituku. Barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita, njia iliyobaki ni ziwa Kivu. Watu wa ufukweni waliona kwa macho yao. Miili mingine haijaonekana hadi leo. Kisha, baada ya mapigano ya Januari 2025, wengine walizikwa haraka haraka, jamaa zao wasiwepo.

Msiba wa kawaida tunaujua. Tunaleta makala (mkaa wa kupikia), tunapika bugali na sombe (majani ya muhogo), tunakesha tukiimba, tunazika, na siku ya kuondoa matanga inapangwa. Pasipo mwili, hata siku ya kuanza kulia haijulikani. Mama anakataa kuvaa nguo za msiba, maana akizivaa ni kama yeye ndiye aliyemtangaza mwanawe kuwa amekufa. Nasi tunaingia, tunakaa dakika chache, tunamwambia, "Jikaze mama, Mungu amependa." Mimi naona maneno hayo tungeyapumzisha kwanza.

Tusome Yohana 20. Maria Magdalena yuko kaburini na mwili haupo: "Wamemwondoa Bwana wangu, wala mimi sijui walikomweka." Malaika wawili wameketi mbele yake na wala hashtuki. (Mwenye uchungu wa namna ile hana nafasi ya kushangaa malaika.) Yesu anakuja na kumwuliza: "Mama, unalilia nini? Unamtafuta nani?" Yeye anajua jibu kuliko mtu yeyote, lakini anauliza, tena anangoja. Maria anajibu jambo lisilowezekana: akionyeshwa mwili ulipo, atauchukua. Mwanamke mmoja, peke yake, abebe maiti ya mwanamume mzima! Yesu hamsahihishi. Anamwita kwa jina lake tu, na hapo ndipo Maria anamtambua.

Tumaini letu lipo, wala sitaki kulipunguza. Ufunuo 20:13 unasema bahari iliwatoa wafu waliokuwamo ndani yake. Mstari huo siwezi tena kuusoma bila kulifikiria ziwa Kivu. Mungu hahitaji msalaba wenye jina ili ajue mtoto wako alipolala. Na Paulo, anapowaandikia Wathesalonike, hawakatazi kuhuzunika. Anawaambia wasihuzunike kama wasio na matumaini. Basi mstari huo wa Paulo tuusome na mama yule baada ya kumsikiliza, siyo ili anyamaze.

Kwa hiyo juma hili, wenye zamu ya kutembelea wafiwa, ulizeni: alikuwa anaitwa nani? Alipenda nini? Mkae, hata kama hadithi ni ileile mliyoisikia mwaka jana. Na ye yote mwenye marehemu asiye na kaburi aandike jina lake kwenye karatasi, ampe mkubwa wa shirika kabla ya Jumapili, litajwe kwenye Misa ya marehemu wote. Asiye tayari kuandika, asilazimishwe. Tutamwombea hivyo hivyo.