Robusta ya Muleba, kichujio cha Saigon

Ingia mgahawa wowote wa kisasa hapa Dar uulize kahawa yao. Utajibiwa "Arabika asilimia mia" kwa sauti ya mtu anayetaja ukoo wake. Robusta, aina nyingine ya kahawa, haitajwi. Kagera inalimwa tele, inauzwa ikiwa maganda, halafu inaenda kuchanganywa na nyingine huko mbele au kugeuzwa kahawa ya papo hapo.

Sasa kuna watu wameifanya nchi yao kuwa ya pili duniani kwa kahawa, nyuma ya Brazili tu, na sehemu kubwa kabisa ya wanachovuna ni hiyohiyo Robusta isiyotajwa. Vietnam hawaisafirishi tu wakabaki wanakunywa kingine. Wanaikaanga mpaka iwe nyeusi, wanaichuja nzito, wanaitia maziwa mazito ya kopo yenye sukari na barafu, wanakaa nayo kwenye viti vifupi vya plastiki kando ya barabara. Wenyewe wanaiita cà phê sữa đá. Mimi nimenasa.

Kichujio chake, phin, nililetewa na rafiki yangu wa biashara ya korosho. Korosho ghafi zetu nyingi huishia Vietnam kubanguliwa, kwa hiyo watu wa kazi yake huko wanakwenda na kurudi. Ni kidude cha bati chepesi: kisahani chenye matundu, kikombe, kibano cha ndani na mfuniko. Hakuna karatasi, hakuna umeme, hakuna cha kuharibika. Kwa mgao wa umeme tunaoujua, hilo si jambo dogo.

Buni natumiwa na shangazi kutoka Muleba, Kagera. Nakaanga mwenyewe kwenye sufuria pana, mwiko hautoki mkononi, madirisha yote wazi maana moshi wake si wa mchezo. Inaanza na harufu ya nyasi mbichi, inafuata ya mkate, kisha punje zinaanza kupasuka. Wengi wangeepua hapo. Kwa kahawa hii naendelea mpaka mpasuko wa pili, ule mdogo mdogo, na punje zianze kung'aa mafuta. Nikishaepua natupia siagi kidogo na kugeuza haraka, kama wanavyofanya wakaangaji wengi wa kule. Nyumba nzima inanukia mpaka kesho yake.

Kusaga: isiwe laini sana. Chini ya glasi naweka vijiko viwili vikubwa vya maziwa ya kopo, juu yake phin. Unga gramu kama 20. Natikisa usawazike, naweka kibano bila kukandamiza, namwagia maji ya moto kidogo tu ya kulowesha, nasubiri nusu dakika uvimbe. Ndipo najaza na kufunika.

Baada ya hapo kazi yako imekwisha. Kichujio kinadondosha kama bomba bovu la nyumba ya kupanga, na ndivyo inavyotakiwa. Kikitiririka, umesaga punje kubwa mno. Kikigoma, umesaga laini mno. Dakika nne au tano, umepata. Kahawa inalala juu ya maziwa, nyeusi tii juu, nyeupe chini, na mpaka wake umenyooka. Ingiza kijiko mpaka kitako, maana maziwa hung'ang'ania huko, koroga, kisha mimina kwenye glasi ndefu iliyojaa barafu mpaka mdomoni. Barafu usiionee uchoyo. Vipande viwili vitatu vinayeyuka mara moja na kukuachia maji maji. Ikijaa, kinywaji kinapoa kabla hakijapwaya.

Nimejaribu na Arabika nzuri ya Mbozi kwa njia hiihii. Ikapotea. Ule uchachu wake wa kiungwana, unaoufurahia ukinywa kahawa tupu, unazama kwenye sukari na hausikiki tena. Robusta haizami. Ina uchungu wa kutosha na kafeini karibu mara mbili, inasimama mbele ya maziwa ikabishana nayo. Ndiyo maana simwamini mtu anayesema Robusta ni kahawa duni. Haijapewa kinywaji chake, basi.

Na maziwa yenyewe yana sababu. Mmisionari Mfaransa ndiye aliyepeleka miche ya kahawa Vietnam mwaka 1857. Mwaka mmoja nyuma, 1856, Gail Borden alikuwa amepata hataza ya maziwa ya kukoleza huko Marekani. Wafaransa walitaka kahawa yao na maziwa, ila maziwa mabichi yalikuwa adimu na joto la kule halisamehe. Kopo likachukua nafasi. Dhiki ile imekwisha zamani, kopo limebaki.

Shangazi alipokuja mjini nikamtengenezea. Yeye kahawa anaijua ya kutafuna, ile inayochumwa mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu, ikakaushwa, na mgeni Uhayani anaipokea kabla hajaulizwa habari za safari. Akaitazama glasi.

"Kahawa na barafu, baba? Unaumwa?"

"Onja kwanza, shangazi."

Akaonja. Akanyamaza. Akaonja tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Hii ni yetu kabisa," akasema. "Ila punguza haya maziwa, mnaharibu watoto kwa sukari." Glasi ikarudi tupu, na usiku akalalamika hapati usingizi.

Kinachofuata ni kahawa ya yai ya Hanoi. Mwaka 1946 maziwa yalipokuwa hayapatikani, Nguyễn Văn Giảng, aliyekuwa akifanya kazi hoteli ya Metropole, alipiga kiini cha yai na sukari mpaka kikawa povu zito, akakiweka juu ya kahawa. Mayai ya kienyeji ninayo. Mke wangu amesema hatonusa hata kidogo mpaka nikwangue masizi ya ile sufuria ya kukaangia.