Shairi lililokosa tuzo mjini Florida

Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikilirudia shairi la Juan Zorrilla de San Martín, La leyenda patria, ambalo kwa Kiswahili ningeliita Hekaya ya Taifa. Mwezi Mei 1879 mji wa Florida, nchini Uruguay, ulizindua mnara wa kumbukumbu ya uhuru, na washairi wakaalikwa kushindana. Utungo wa Zorrilla, kijana wa miaka 23, ulienguliwa kwa kuvunja masharti ya shindano, ila aliruhusiwa kuusoma mbele ya hadhara. Inasimuliwa kwamba alipomaliza umati ulipiga mayowe ya shangwe, na Aurelio Berro, mshindi halali, akavua medali yake akampa yeye.

Sisi tuliokua tukisikia tenzi zikighaniwa hatushangai, kwa kuwa utungo wa aina hii huhukumiwa na sikio kabla ya jicho. Mshairi anafungua kwa kusema kwamba sauti ya nchi inadai utukufu naye anaitii. Kisha analaza taifa zima katika giza la utawala wa kigeni, yaani wa Brazili, ili wale Thelathini na Watatu, kikosi cha wapigania uhuru kilichoongozwa na Juan Antonio Lavalleja, wanaposhuka ufukweni Agraciada tarehe 19 Aprili 1825, iwe kama kumepambazuka. Hapo ndipo shairi lina nguvu kuliko penginepo. Mapigano ya Sarandí na Ituzaingó yanayofuata yana kelele nyingi, na nakiri kwamba baadhi ya beti hizo huzipita haraka.

Kinachonikalisha ni yale ambayo historia inayaeleza kwa namna nyingine. Tarehe 25 Agosti 1825, mjini humo humo Florida, wajumbe walijitangaza huru dhidi ya Brazili, na siku hiyo hiyo wakatangaza kuungana na majimbo ya Río de la Plata, yaani Ajentina ya leo. Uruguay kuwa dola peke yake kulitokana na mkataba wa 1828 kati ya Brazili na Ajentina, Uingereza ikiwa mpatanishi. Mkataba hauna mapambazuko wala farasi, na ni vigumu kuughani. Tena wasikilizaji waliokuwa wakishangilia uhuru siku ile walikuwa chini ya utawala wa kimabavu wa Kanali Lorenzo Latorre.

Hata hivyo simlaumu Zorrilla kwa kudanganya, kwani neno hekaya alilitia mwenyewe katika anwani.