Bluberi zangu zimezaa Nakuru, bila jivu wala samadi

Kila anayefika kwangu hapa Lanet akaona bluberi, yale matunda madogo ya buluu, huuliza natumia mbolea gani. Swali hilo huniudhi, kwa sababu ushauri wa mbolea ndio uliokaribia kuniulia miche. Aliyeniuzia alisema nijaze samadi ya ng'ombe mashimoni, kisha niwe nanyunyiza jivu la jikoni, "kama sukuma wiki tu." Majirani wakamuunga mkono. Jivu linafaa sukuma, sikatai. Lakini bluberi inataka udongo chachu, pH (kipimo cha uchachu, ikishuka uchachu huzidi) ya 4.5 hadi 5.5 hivi, kama majani chai, na jivu huumaliza uchachu wote.

Majani machanga yaligeuka manjano, mishipa yake ikabaki kijani. Duka la pembejeo wakaniambia ni upungufu wa naitrojeni, wakaniuzia CAN, mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni. Hali ikazidi kuwa mbaya. Upungufu wa naitrojeni huanzia majani makuukuu ya chini. Ukiona machanga ya juu ndiyo yanapauka hivyo, shuku upungufu wa madini ya chuma. Na chuma kilikuwemo udongoni tele, ila udongo ukikosa uchachu mizizi haiwezi kukifyonza. Tena CAN yenyewe ina chokaa, nayo hupunguza uchachu kama jivu!

Kilichonifumbua macho ni kabichi ya zambarau. Niliikatakata, nikaichemsha hadi maji yakakolea rangi, nikayagawa kwenye glasi. Ya kwanza nikatia siki: ikawa waridi papo hapo. Ya pili jivu: kijani kabisa. Hizo zikawa vipimo vyangu: waridi ni uchachu, kijani ni kinyume chake. Nikajaribu maji ya mvua kutoka tangini, zambarau haikubadilika. Nikajaribu maji ya kisima kirefu tunayouziwa mtaani, yale niliyokuwa nikimwagilia kila jioni, na rangi ikahama mbele ya macho yangu ikawa buluu inayoelekea kijani. Udongo wa yale mashimo, niliokoroga na maji ya mvua na kuuchuja kwa kitambaa, nao ukatoa buluu. Kumbe miche ilikuwa inapigwa pande mbili, udongo na maji, na kipimo cha kuyajua yote hayo hakikunigharimu hata shilingi mia mbili.

Mama mkwe ana shamba la majani chai Olenguruone. Nilipompigia simu alishangaa: "Mwanangu, watu huja huku kuchukua viazi, wewe unataka udongo?" Alinijazia magunia. Udongo ule niliupima kabla sijashukuru vizuri, ukatoa waridi. Nikanunua madramu ya plastiki, elfu moja na kitu kila moja ukijua kupatana, nikayakata katikati na kuyatoboa chini. Nilichanganya udongo na vumbi la mbao za msonobari kutoka Elburgon, lile la zamani lililokaa nje likawa jeusi. Lile jipya huiba naitrojeni, usilitumie. Juu nikatandaza majani makavu ya msonobari, na jembe halikaribii hapo: mizizi ya bluberi ni myembamba kama nywele na iko juujuu. Kwa mbolea natia salfeti ya amonia, kidogo sana.

Majani mapya yaliyofuata yalitoka kijani. Nilimwita mke wangu aje kuyaona.

Kiangazi tangi likikauka, natumia maji ya kisima, ila kwanza natia siki kidogo kidogo kwenye ndoo huku nikipima kwa kabichi hadi ile buluu ipotee. Maua ya mwaka wa kwanza niliyachuma yote, mche ujenge matawi. Panda pia aina mbili tofauti zikae karibu, matunda huwa makubwa zaidi.

Ndege nao wana macho. Nimefunika kwa chandarua kuukuu, lakini baada ya maua kupukutika, maana nyuki wasipoingia hakuna tunda. Na usichume kwa sababu tu tunda limekuwa buluu. Ligeuze utazame pale kwenye kikonyo. Ukiona bado pana duara jekundujekundu, liache siku chache zaidi. Lililoiva sawasawa halivutwi, ukiligusa kwa kidole gumba linaangukia kiganjani, na ule unga wake mweupe bado uko juu. Madukani kikopo kidogo ni mamia ya shilingi, na matunda yenyewe mengi yamechumwa na lile duara.