Nilivyomtembeza shemeji michoro ya Kolo kwa nusu siku, bila Land Cruiser na bila dumu la maji

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu mwema sana. Kasoro yake ni kwamba tangu kazi impeleke Ufaransa, hakai mezani bila Paris kutajwa. Amefika Louvre. Walitembezwa na mwongozaji, kikundi kidogo, saa moja na nusu kwa saa ya ukutani, wakaonyeshwa yale makubwa matatu ambayo kila mtu huenda kuyatazama: Mona Lisa, sanamu ya Venus de Milo iliyokatika mikono, na ile ya Ushindi wa Samothrace, mwanamke mwenye mabawa asiye na kichwa, iliyosimama juu ya ngazi. Basi akija Dodoma kwa vikao vyake, akishashiba ugali na mlenda wangu, huanza: "Sasa hapa kwenu, shem, mgeni akiwa na nusu siku mnampeleka wapi? Kwenye zabibu?"

Safari hii nikamwambia Jumamosi asipange kitu. Nitampeleka Kolo, huko Kondoa, kwenye kuta za majabali ambazo zilianza kuchorwa kabla huyo Leonardo da Vinci wake hajazaliwa.

Alicheka. Nikasema cheka tu.

Kabla ya Jumamosi ofisini kwetu kila mtu akawa mtaalamu wa Kondoa. Mmoja akasema bila Land Cruiser na dereva wa kukodi kutwa nzima nisijisumbue, na akanitajia bei ambayo ningeweza kulipia kodi ya nyumba. Mwingine akasema mwongozaji ni kupoteza hela, "michoro iko pale pale barabarani, unashuka unapiga picha". Wa tatu, ambaye amefika kweli na ndiyo maana alinikera kuliko wote, akaniambia nibebe dumu la maji: "Michoro imefifia, ukiimwagia maji inang'aa, utaona." Mzee mzima, na shahada yake.

Niliyemsikiliza ni mama mmoja Mrangi ninayenunua karanga kwake Majengo. Maneno yake yalikuwa machache: kigari chako kitafika Kolo, ofisi iko kandokando ya lami, usiipite, na kuanzia hapo vijana wa bodaboda wanajua njia.

Tukaondoka na Vitz yangu kabla hakujakucha. Waliopita barabara hii zamani watanielewa nikisema lami yake bado naishangaa. Kutoka Dodoma hadi Babati ni kilomita 251, na kabla haijazinduliwa mwaka 2018 ulikuwa unafika Kondoa umepakwa vumbi mpaka kope. Sasa tulipita Mayamaya, tukapita Haneti, shemeji amelala, na jua lilipoanza kukaza tulikuwa tumeshaiacha Kondoa mjini na tunapanda kuelekea Kolo. Huku milima ni ya kijani kuliko mtu wa Dodoma anavyotarajia. Nilimwamsha nimwonyeshe makorongo, maana ardhi ya Kondoa ilimomonyoka hadi serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na baadaye mifugo ikaondolewa kabisa milimani ili majani yapate kurudi. Akaangalia, akasema "mh", akalala tena.

Pale ofisini unajiandikisha, unalipa kiingilio (kwa Mtanzania ni hela ndogo, mgeni wa nje analipa zaidi), na unapewa mwongozaji. Kuna chumba kidogo cha maonyesho. Msikipite kwa haraka, ndipo nilipoielewa ramani ya eneo lenyewe: kilomita za mraba 2,336, na majabali yenye michoro yanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. UNESCO waliliingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Sasa nani atayamaliza hayo kwa siku moja? Ndiyo maana nilimwibia shemeji maarifa yake ya Paris. Nikamwambia mwongozaji mapema, tukiwa bado mezani kwake: kaka, tuna muda mpaka saa saba, tupe makubwa tu. Hakusita. Akasema tutaona matatu ya mlima wa Mungumi, yanaitwa Kolo B1, B2 na B3, na tusitamani michoro ya Pahi wala ya Kisese leo. Wengi hawamwambii mwongozaji muda walio nao, kisha wananung'unika kwamba waliburuzwa.

Vitz ikabaki ofisini. Pikipiki tatu, moja ya mwongozaji, moja yangu, moja ya shemeji aliyekuja na viatu vya ngozi vya kwenda kikaoni. Kwa bei nilitajiwa moja, nikacheka, nikaanza kutembea kuelekea kwenye gari. Tukakubaliana kwa elfu kadhaa kila pikipiki, kwenda, kusubiri na kurudi. Umbali haufiki kilomita kumi, lakini kuna mahali unavuka mchanga wa mto, na hapo dereva wa shemeji alimwomba kwa heshima zote, "Mzee, shuka kidogo." Mzee akashuka. Mchanga ukaingia ndani ya viatu vya kikaoni, akavivua, akavuka na soksi akiwa amevishika juu mikono miwili. Picha ninayo. Dada ameiweka kwenye kundi la familia.

Pikipiki zikiishia mguuni pa mlima, unapanda kwa miguu. Ni mkali lakini si mrefu. Mwenye magoti mabovu apumzike njiani bila aibu, na aliyevaa gauni jembamba la kubana atajuta.

Nilichodhani ni mapango kumbe si mapango ya kuingia ndani na tochi. Ni majabali makubwa yaliyoinama, uso wake wa chini ndio umechorwa, na mvua haiufikii. Tulipofika la kwanza jua lilikuwa linapiga ubavuni na shemeji akasimama mbele ya ukuta mzima akasema, "Ziko wapi?" Na kweli, ulikuwa unaona mwamba na madoa mekundu. Nikasikia sauti ya yule wa dumu la maji kichwani. Nikamuuliza mwongozaji kwa utani kama huwa wanamwagia. Uso wake ulibadilika. Alieleza kwamba watu walifanya hivyo miaka mingi, na kila maji yanapokauka yanaacha chumvi ya mwamba juu ya mchoro, utando mweupe unaoongezeka, na rangi yenyewe inabanduka kidogo kidogo. Inang'aa dakika mbili, halafu inafifia kuliko mwanzo. Nilitamani ningekuwa nimemrekodi.

Na hapa ndipo nilipojipatia sifa zangu. Nilikuwa nimejifunga kanga juu ya suruali. Nikaifungua, nikamwambia shemeji shika pindo hili, nyoosha mkono, wewe mrefu. Mimi nikashika la pili upande wa juani. Kivuli kikaangukia ukuta wote, ule mng'ao wa mwamba ukakatika, na tukatulia kidogo macho yazoee. Akatokea twiga. Mwekundu, shingo imepinda kidogo, na chini yake pofu, yule mnyama wa jamii ya swala, mwenye mwili mzito, halafu watu, watu warefu wembamba kama vijiti vya kiberiti, vichwa vyao vikubwa vya duara vyenye mistari, sijui ni nywele walizosuka au vilemba. "Subhanallah," shemeji akasema, naye si Mwislamu. Mwongozaji akaniambia wengi hukinga kwa mwavuli au kwa mwili wa mwenzao, lakini kanga inafunika ukuta mpana zaidi. Nawaambia hivyo alivyosema, sikuongeza.

Ujanja wa pili ni wa simu. Zima taa ya kamera kwanza. Piga picha hapo kivulini, kisha nenda kwenye kurekebisha, vuta rangi mpaka mwisho na ongeza utofauti wa giza na mwanga. Picha inakuwa mbaya, mwamba unageuka wa zambarau, lakini mchoro ambao jicho halikuuona unajitokeza. Tuliona tembo mzima ambaye macho yetu yalikuwa yanampita muda wote. Watafiti wana programu yao ya kazi hiyo, inaitwa DStretch, ila kwa sisi wa kupita simu inatosha.

Mwongozaji alijua kuchagua. Hakutuonyesha kila doa. Kila ukuta alichukua michoro miwili au mitatu, akakaa nayo. Nyekundu, alisema, ni madini ya chuma yaliyosagwa na kuchanganywa, yamechorwa kwa brashi nyembamba, na inaaminika ni kazi ya wawindaji na waokota matunda, wa ukoo wa hawa hawa Wasandawe ambao leo wako Chemba. Nyeupe ni za baadaye, za wakulima, zimepakwa kwa kidole, nzito, na mahali pengine zimekaa juu kabisa ya zile nyekundu. Shemeji akauliza kwa nini wasitafute ukuta wao. Swali zuri, nakiri. Jibu alilopewa ni kwamba huenda ukuta ule ndio uliokuwa na maana.

Kuna mchoro mmoja ulitugombanisha. Watu watano wamesimama. Wa katikati ameshikwa mikono, upande huu anavutwa na wawili, upande ule wawili, na wa upande mmoja vichwa vyao havifanani na vya wenzao, wanaonekana kama wamevaa vinyago. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, yule yule aliyeliona fuvu la Zinjanthropus kule Olduvai mwaka 1959, alifanya kazi ya kunakili michoro hii mwaka 1951, naye alisoma hapa mwanamke anayetekwa, watu wake wakimng'ang'ania. Shemeji akadakia kwamba ni wazi, ni ugomvi wa mahari, upande wa mume hawajamaliza kulipa. Mimi nikasema hakuna anayegombana, wanacheza. Mwongozaji akatabasamu, akasema mama uko na wataalamu wengine: Wasandawe wana ngoma ya simbo, mchezaji hupagawa mpaka akahitaji kushikwa asianguke. Tulibishana pale jabalini mpaka madereva wa pikipiki wakapanda kuja kuona kuna nini, na mmoja wao, kijana wa hapo hapo, akaunga mkono mahari. Sijashawishika mpaka leo.

B1 ndiyo Mungumi yenyewe, na hapo mwongozaji alishusha sauti. Watu bado wanakuja kutambika, kuomba mvua na kuombea wagonjwa, wanaleta mnyama na pombe ya mtama. Pombe hiyo hurushwa mwambani, na wahifadhi haiwapi raha. Lakini utamwambia nini mzee ambaye babu yake alifanya hivyo? Tulionyeshwa pia shimo lililochimbwa na watu wanaoamini kwamba Wajerumani walizika dhahabu pale wakati wa vita. Wanachimba chini ya ukuta wa namna hii wakitafuta dhahabu! Shemeji alikaa juu ya jiwe mbele ya ukuta, miguu mitupu, na kwa mara ya kwanza hakutaja Paris kwa muda mrefu. Alipoitaja, alikiri kwamba Mona Lisa ni kadogo, sentimeta 77 kwa 53, kako nyuma ya kioo, na alikaona kupitia katikati ya simu za watu walionyoosha mikono. Hapa tulikuwa sisi tu na ukuta.

Lakini msije mkagusa. Jasho la kidole lina mafuta. Na kuna waliokwaruza majina yao. Nilisoma la mtu mmoja na mwaka wake, nikamwombea mabaya.

Maji ya kunywa beba mengi kuliko unavyodhani, huko juu hakuna duka. Masika ile njia ya mchanga inaweza kuwa mto kweli, kwa hiyo ulizia ofisini kabla hujatoka Dodoma. Asubuhi ni bora kwa sababu ya kupanda bila jua kali. Mwongozaji mpe chochote mwishoni, kwa mkono, na mshukuru kwa sauti. Chakula tulikula Kondoa tukirudi, wali na kuku wa kienyeji, shemeji akalipa bila kuombwa.

Jumatatu yule wa dumu alinisimamisha kwenye korido kabla sijaweka mkoba chini. "Enhe, mlimwagia?" Sikumjibu, nikafungua simu nikampa twiga. Akamvuta kwa vidole viwili, akamkuza, akamwangalia mpaka nikadhani kuna jambo linamwingia. Kisha akaniuliza simu yangu ni toleo gani.