Iznik: Ukumbi wa Liwali Plinius

Kutoka Istanbul nilivuka bahari ya Marmara kwa kivuko hadi Yalova, kisha nikapanda basi dogo. Mashamba ya mizeituni yalitusindikiza kando ya ziwa mpaka kwenye kuta za kale za Iznik. Huu ndio mji wa Nikea.

Wageni wengi huja kwa ajili ya Mtaguso wa mwaka 325, mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika hapa, nao hukimbilia ufukweni, penye mabaki ya kanisa lililozama ziwani. Nilipita huko, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye magofu ya ukumbi wa maonyesho wa Kirumi. Plinius Mdogo, liwali wa Bithinia na Ponto, alimlalamikia Kaisari Trajan kuhusu jengo hili hili: limekula zaidi ya sesterti (sarafu za Kirumi) milioni 10, linatitia, lina nyufa.

Liwali huyo huyo, mwaka 112 hivi, alimwandikia Kaisari barua nyingine, kuhusu Wakristo wa mkoa wake. Aliwahoji hata walioiacha imani, wengine miaka 20 nyuma. Walimweleza kwamba walizoea kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakimwimbia Kristo kwa kupokezana, kama mtu amwimbiavyo mungu. Ili kuhakikisha, akawatesa wajakazi wawili waliokuwa na huduma katika kanisa. Majina yao hakuyaandika, na hilo linaniuma.

Nilikaa juani kwenye mawe yale nikiifikiria barua hiyo. Mara ngapi nimesikia watu wakisema kwamba Yesu alifanywa Mungu kwa kura, hapa Nikea! Shahidi wetu si Mkristo, hana sababu ya kuwapendelea, naye anazungumzia nyimbo zilizoimbwa zaidi ya miaka 200 kabla ya maaskofu kukusanyika. Na Paulo, mapema zaidi, aliwaandikia Wafilipi kwamba kila goti litapigwa kwa jina la Yesu, maneno ambayo Isaya aliyaweka kinywani mwa Mungu mwenyewe.

Basi maaskofu walibishania nini? Padri Ario wa Aleksandria alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, mkuu kuliko vyote, lakini kiumbe. Mtaguso ukajibu kwa maneno tunayoyakiri Jumapili: “aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba.” Kumwabudu Kristo hakukuanzia hapo, hata Ario mwenyewe alitunga mashairi kumhusu.