Shangazi kauliza kwani huku hakuna maji

Jana usiku shangazi kanipigia, hata salamu hazijaisha vizuri, "Mwanangu, hivi huku kwetu hakuna maji mpaka mkafungie ndoa juu ya mlima?" Nikacheka nikijua ni utani. Haukuwa utani. Kumbe alishakaa na karatasi akapiga hesabu ya tiketi ya ndege, hoteli siku tatu, na gari la kukodi maana kule bila gari huendi popote, halafu baada ya kunisomea hesabu yote akanyamaza, na kile kimya ndicho kilichoninyima usingizi.

Sasa ni saa nane usiku, mwenzangu anakoroma, mie nina daftari la harusi na ramani. Ngoja niyatoe kichwani.

Tuliichagua Lake Tahoe, ziwa la juu milimani huko Marekani, kwa sababu ya picha moja, nisijidanganye. Maji yana rangi ya bluu ambayo ukiiona unadhani mtu kaichezea kwenye simu, mawe makubwa ya mviringo yamekaa ndani ya maji, misonobari nyuma, na kwa mbali vilele bado vina theluji wakati watu huku chini wamevaa kaptula. Tukasema hapa hapa. Hatukuuliza kitu kingine, yaani watu wazima wawili wenye akili zao.

Kumbe ziwa lenyewe limekatwa na mpaka wa majimbo mawili. Theluthi mbili hivi ziko California, iliyobaki iko Nevada, na mstari unashuka kutoka kaskazini ukifika katikati ya maji unapinda kona kuelekea kusini mashariki. Unaweza kusema mstari wa ramani unanihusu nini mie bibi harusi, unanihusu sana, kwa sababu leseni ya ndoa ya Nevada inafanya kazi ndani ya Nevada tu na ya California vivyo hivyo kwao. Ukichukua leseni upande mmoja ukafungia ndoa upande wa pili umefanya sherehe nzuri sana lakini hujaolewa. Ya Nevada inadumu mwaka mzima, ya California siku 90, na zote mbili mnazipata siku hiyo hiyo mkienda wenyewe wote wawili na vitambulisho.

Na mwenzangu ana ndoto moja tu katika harusi nzima, tuape juu ya boti katikati ya ziwa. Maua hayamhusu, suti yake mpaka leo hajaenda kupimwa, lakini boti, ah. Tulipompigia kapteni mmoja swali lake la kwanza halikuwa siku wala idadi ya watu, aliuliza leseni yenu ya upande gani, ili ajue azime injini wapi. Nilimpenda yule mzee hapo hapo.

Halafu kuna upepo. Asubuhi ziwa limetulia kama kioo, ikifika mchana upepo unaingia kutoka kusini magharibi na maji yanaanza kutoa mapovu meupe, na si ziwa dogo, ni kama kilomita 35 kwa urefu na 19 kwa upana, kwa hiyo mawimbi yana nafasi ya kukua kabla hayajamfikia mtu. Ufukwe wa mashariki, huo wa Nevada wenye yale mawe, ndio unaoyapokea, na ndio huo huo ambao jioni unaona jua likizama juu ya maji. Ukienda wa magharibi umejikinga lakini jua linajificha nyuma ya milima mapema unabaki kwenye kivuli. Mpiga picha anataka machweo, ambayo mwezi wa sita ni kama saa mbili na nusu usiku. Mie na shela langu tunataka saa nne asubuhi. Tumebishana kwa simu wiki mbili, nikashinda, maana atakayekuwa na kitambaa kimemzunguka shingo mbele ya watu si yeye.

Mwezi wenyewe tuliuzungukia sana. Mwezi wa tano theluji bado inaweza kuanguka, ukakuta wanataka magari yafungwe minyororo kwenye matairi. Julai ni umati, barabara ni moja tu pembeni ya ziwa na foleni haisogei. Mwezi wa nane na wa tisa hali ya hewa ni tamu lakini ndio msimu wa moto wa msituni, na mwaka 2021 mwishoni mwa Agosti mji mzima wa South Lake Tahoe uliambiwa uhame kwa sababu ya ule moto wa Caldor, nikafikiria mtu alikuwa na harusi Jumamosi ile, keki imeshalipiwa. Ndiyo maana mishumaa na mioto ya nje kule ina masharti, na sibishani nao. Yule mwandishi Mark Twain mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliwasha moto wa kupikia pale ziwani ukamshinda akaunguza msitu, na aliandika kabisa wala hakuficha. Basi tukakaa mwishoni mwa Juni na taa za betri.

Lakini kinachonisumbua kweli si hayo. Ni bibi.

Ziwa liko mita 1,897 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu mzima wa afya si urefu wa kutisha, utahema kidogo ukipanda ngazi, kichwa kinaweza kugonga siku ya kwanza, kinywaji kinapanda haraka kuliko ulivyozoea, unakunywa maji mengi unalala unaamka uko sawa. Bibi ana presha na miaka 81. Daktari wake hakukataa, alisema apande polepole, siku ya kwanza asifanye kitu. Sasa ukitua Reno, mji wa Nevada tunakoshukia ndege, uwanja uko kwenye mita 1,300 na kitu, na njia fupi inayoonekana kwenye ramani inapitia mlima wa Mount Rose, inapanda mpaka mita 2,700 ndio ishuke ziwani. Hapana. Bibi atalala Reno usiku mmoja, kesho yake tunazunguka mji wa Carson City tunapita njia ya mlimani ya Spooner ambayo inaishia kama mita 2,200. Tumeongeza siku nzima kwenye ratiba na hela ya hoteli kwa ajili ya mtu mmoja, na hiyo ndiyo hela pekee katika daftari hili ambayo haijaniuma.

Tulipokwenda kukagua mwezi uliopita niliacha mfuko wa krispi kiti cha nyuma, tukapanda, tukapanda, mara nasikia kitu kinakwaruza, kugeuka mfuko umevimba kama mto wa kulalia. Hewa ya huko juu ni nyepesi, ya ndani ya mfuko ni ya bondeni. Losheni nayo ilipofunguliwa ikanirukia. Ndio nikaelewa kwa nini fundi keki wa kule alikataa kwa adabu ile resipi ya rafiki yangu, maana keki ya bondeni ukiioka kule inaumuka kwa fujo halafu inazama katikati. Hata chai, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, yanatokota vizuri ila ukinywa unahisi kama mtu kaipooza. Rafiki yangu kanuna kidogo. Atapona.

Orodha ya wageni ilianza na watu 120. Ya leo ina 38. Hakuna niliyemfuta, hapo ndipo utamu ulipo, wamejifuta wenyewe kwa upole mmoja mmoja, mwenye mtoto mchanga, mwenye kazi isiyotoa likizo, mwenye mguu mbovu, na wale wanaosema "tutaona" ambao wote tunajua maana yake. Miezi yote hii nilikuwa nadhani nachagua mahali, kumbe nilikuwa nachagua watu, na sikuwahi kuwaangalia usoni nikifanya hivyo. Ingekuwa ukumbi wa mtaani shangazi angekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na viatu mkononi.

Leo mchana nikampigia. Nikamwambia shangazi, kusema kweli sikufikiria. Akasema najua. Kimya tena. Halafu akauliza, "Sasa bibi yako nani anamshika mkono huko Reno? Wewe? Na kucha hizo?"

Nikamwambia Nevada wanataka shahidi mmoja mbali na anayefungisha ndoa, mmoja tu, na jina lake linaandikwa kwenye cheti. Akasema tiketi ni tiketi, jina kwenye cheti halipunguzi bei. Hapo hana makosa.

Basi nimekaa na daftari nimefuta mstari mmoja kwa kalamu ya wino nisije nikaurudisha. Hela ya boti, tukiongeza kidogo, ni shangazi kwenda na kurudi na chumba kimoja na bibi, kiti cha nyuma upande wa dirisha. Kibali cha ufukweni tunacho, upande wa Nevada, saa nne asubuhi, miguu kwenye mchanga na hakuna haja ya kuuliza mstari uko wapi. Shangazi keshatuma ujumbe wa sauti anauliza baridi ya huko ni ya sweta moja au mbili.

Kapteni nitampigia kesho. Mwenzangu bado anakoroma hajui kitu. Ngoja aamke, anywe chai kwanza.